Machiavelli na vijana wetu wa politiki

Kila mwaka, matokeo ya egzamen ya leta yakiisha kutangazwa, wazazi na vijana wanafika kwenye parokya na ulizo moja: "Padri, mtoto asome nini?" Wengine wanataka udaktari, wengine sheria, lakini si wachache wanaojibu wenyewe kabla sisi hatujafungua kinywa: "Ataingia katika politiki na uhusiano wa mataifa." Masomo hayo wanayaita kwa herufi mbili tu, R.I., na wanayataja kama mlango wa nyumba ya ministri. Mama mmoja alituambia bila haya kwamba mtoto wake atakuwa balozi, na ya kuwa amekwisha kumwona ndotoni akishuka katika ndege.

Sisi mapadri tunajibu vibaya mara nyingi. Wengine wetu wanacheka. Wengine wanasema kwamba politiki ni uchafu, na mkristu mwema asiiguse. Majibu hayo mawili hayamsaidii mtoto hata kidogo. Anaenda vile vile, ila anaenda peke yake, na kule anakutana na walimu ambao si sisi. Mmoja wa walimu hao alikufa karibu miaka 500 iliyopita, naye ni Niccolò Machiavelli, mtu wa Firenze katika Italia. Kitabu chake kidogo kinachoitwa Il Principe, maana yake Mtawala, ndicho tunachotaka kukipima hapa.

Sababu yenyewe ni hii. Kijana mmoja, mtoto wa katekista wetu, alikuja kutuomba barua. Alikuwa amemaliza masomo ya R.I., na tangu siku ile alikaa nyumbani miaka mitatu bila kazi. Diploma yake alikuwa nayo mkononi, ndani ya plastiki, isilowe na mvua. Alitaka tumwandikie mbunge mmoja kusudi amtwae katika biro yake. Tukamwuliza: "Utamfanyia kazi gani?" Akajibu: "Kuandika yale anayotaka watu waamini." Tukamwuliza tena kama hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Akasema: "Padri, Machiavelli alifundisha kwamba mwisho mwema unatakasa njia mbaya. Politiki ndiyo hiyo." Basi tukataka kujua kama amekisoma kitabu chenyewe. Hapana, hakukisoma. Alisoma silabi yenye kurasa mbili juu yake, akajibu vizuri katika egzamen, akapata 14 juu ya 20.

Barua hatukuandika siku ile. Tulimwomba asome kitabu pamoja nasi, Jumapili jioni, toka sura ya kwanza mpaka sura ya 26. Si kitabu kirefu. Mawazo yanayofwata yametoka katika masomo yale, nasi tunayatoa kwa ajili ya wandugu waseminari, mapadri na makatekista wanaoulizwa maulizo yale yale.

I. Barua ya mtu anayetafuta kazi

Kwanza tujue ni nani aliyeandika, na siku gani. Machiavelli alizaliwa mwaka 1469. Mwaka 1498, akiwa na miaka 29, alipata kazi ya ukarani mkubwa katika serikali ya Firenze, iliyokuwa jamhuri wakati ule. Aliishika kazi hiyo miaka 14. Alitumwa kwa mfalme wa Ufaransa, kwa Kaizari wa Wajerumani, kwa Papa Yulio wa pili, na kwa yule mtoto wa Papa Aleksanda wa sita aliyeitwa Cesare Borgia. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na cheo cha balozi kamili. Kazi yake ilikuwa kutazama, kusikiliza, na kuandika barua kila mara kwa wakubwa wake: huyu ana nguvu gani, huyu anaogopa nini, huyu atafanya nini kesho.

Mwaka 1512 jamhuri ilianguka, na jamaa ya Medici ikarudi kutawala. Machiavelli alifukuzwa kazini. Mwaka uliofwata alitiwa gerezani kwa kushukiwa uasi, akateswa kwa kamba kwa kutundikwa mikono nyuma ya mgongo. Alitoka wakati kardinali mmoja wa jamaa ya Medici alipochaguliwa kuwa Papa Leo wa kumi, na watu wakasamehewa kwa furaha ya siku ile. Akaenda kukaa shambani, karibu na kijiji cha Sant'Andrea in Percussina. Huko aliandika Il Principe. Tarehe 10 Desemba 1513 alimwandikia rafiki yake Francesco Vettori, balozi wa Firenze huko Roma, akimweleza juu ya kitabu hicho na tumaini lake kwamba wakuu wa Medici watampa kazi, hata ndogo.

Basi kitabu hiki, kabla ya kuwa fundisho kwa watawala, ni barua ya kuomba kazi. Kijana wetu aliposikia hayo alinyamaza, kisha akacheka, akasema: "Kumbe ni mwenzangu!" Ndiyo, ni mwenzake. Lakini asisahau namna mambo yalivyoishia. Wakuu wale hawakumwita. Alingoja mpaka mwaka 1520 ndipo alipoagizwa kuandika historia ya Firenze. Alikufa mwaka 1527, na kitabu chake kilichapwa Roma mwaka 1532, yeye akiwa kaburini. Mtu aliyetaka kuwafundisha wote namna ya kupata utawala na kuushika hakuweza kurudishiwa kiti chake cha karani. Hatusemi hivyo kwa kumcheka. Tunasema kusudi wale wanaomtaja kama mganga mwenye dawa ya kupandisha watu wajue kwamba dawa ile haikumponya mwenyewe.

Mseminari mmoja alituuliza kama tunaruhusiwa kukisoma. Ulizo ni la haki, maana mwaka 1559 Papa Paulo wa nne aliweka vitabu vya Machiavelli katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Tangu mwaka 1966 orodha ile haina tena nguvu ya sheria, ila kila mmoja anapashwa kutumia akili na dhamiri yake. Kwa maoni yetu ni afadhali padri akisome kuliko kulaumu asichokijua.

II. Kitabu kinaposema kweli

Tuseme kwanza mazuri yake, maana mwenye kupima asiyeona mazuri hapimi. Katika sura ya 15 Machiavelli anasema kwamba watu wengi wamejitungia serikali ambazo hazijaonekana popote, lakini yeye anataka kufwata mambo jinsi yalivyo. Hapa anatufaa. Sisi wahubiri tuna ugonjwa wa kusema "viongozi wapende raia", kisha tunashuka altareni tukidhani kazi imekwisha. Hatuulizi nani anakusanya kodi ya soko, franka zinapita kwa mikono ya nani, askari analipwa au halipwi, na kwa nini mkubwa fulani anamwogopa mkubwa mwingine. Mwanafunzi wa politiki anapashwa kuyajua hayo. Kuyajua si dhambi. Daktari anayetazama kidonda hakukitia yeye.

Tena, ile neno ambayo kila mtu anaitia kinywani mwake, kwamba mwisho mwema unatakasa njia mbaya, haimo katika kitabu kwa maneno hayo. Tuliitafuta pamoja, sura kwa sura. Katika sura ya 18 kuna maneno ya karibu: kwamba watu wanahukumu matendo ya mtawala kwa kutazama yalivyoishia, na wengi wanatazama umbo la nje tu. Hiyo ni habari ya namna watu wanavyohukumu, kabla ya kuwa ruhusa. Lakini hatutaki kumsafisha kupita kiasi. Katika sura ile ile anasema wazi kwamba mtawala mwenye akili asishike ahadi yake ikiwa itamdhuru, awe simba na mbweha pamoja, na aonekane kuwa mtu wa dini hata akitenda kinyume. Hapo hakuna njia ya kumtetea. Ni fundisho baya, nasi tunalisema kuwa baya.

III. Kitabu kinapojikana chenyewe

Wengine wanatosheka kusema kwamba fundisho hilo linapinga amri ya Mungu. Ni kweli, nalo lingetosha kwa mwenye imani. Lakini kijana aliyesoma iniversite anajibu: "Ndiyo Padri, ila linafaulu." Kwa hiyo tunapashwa kutazama kama linafaulu.

Mfano mkubwa wa Machiavelli ni Cesare Borgia, katika sura ya saba. Anasimulia kwamba Borgia aliitwaa nchi ya Romagna, akaikuta imejaa wezi na magomvi. Akaweka huko mtu mmoja mkali, jina lake Remirro de Orco, akampa amri yote. Mtu yule alitengeneza nchi kwa nguvu na kwa kuua, na raia wakamchukia. Borgia alipoona chuki ile, alitaka kuonyesha kwamba ukatili haukutoka kwake. Asubuhi moja ya Desemba 1502 watu wa Cesena walimkuta Remirro kiwanjani, amekatwa vipande viwili, na kando yake ubao na kisu chenye damu. Machiavelli alikuwa huko wakati ule, ametumwa na Firenze. Anausifu ufundi huo.

Tulimwuliza kijana wetu: "Katika hadisi hii, wewe ni nani?" Alitaka kusema Borgia. Vijana wote wanaosoma kitabu hiki wanajiweka mahali pa mtawala. Lakini mwenye diploma ya R.I. anayeingia katika biro ya mkubwa hawi mtawala. Anakuwa Remirro. Yeye ndiye anayetumwa kusema lile ambalo mkubwa hataki kulisema kwa kinywa chake, na kutia sahihi pale ambapo mkubwa hataki jina lake lionekane. Siku raia wanapochukizwa, ni yeye anayewekwa kiwanjani. Katika Kongo hatuna haja ya kutafuta mbali ili kufahamu jambo hili. Kila mmoja wetu amekwisha kuona mkuu wa biro akitiwa gerezani kwa barua aliyoamriwa kuiandika.

Na Borgia mwenyewe? Baba yake Papa Aleksanda alikufa Agosti 1503. Borgia, aliyewadanganya wote, alikubali kusaidia kuchaguliwa kwa kardinali Giuliano della Rovere, adui wa zamani wa jamaa yake, kwa sababu alipewa ahadi nzuri. Kardinali yule akawa Papa Yulio wa pili, na Borgia akapoteza vyote, akakamatwa, akapelekwa Hispania, akauawa katika vita ndogo huko Navarra mwaka 1507. Machiavelli alikuwa Roma katika siku zile za mwaka 1503, aliona kwa macho yake. Anakubali kwamba Borgia alikosea hapo, lakini haulizi maulizo makubwa zaidi: kama kila mtu ni mbweha, mbweha atategemea ahadi ya nani? Na asipoweza kutegemea ahadi ya mtu yeyote, masikilizano kati ya mataifa yatasimama juu ya nini?

Jibu tulilipata kwa Machiavelli yeye yule. Mwaka 1522 rafiki yake Raffaello Girolami alitumwa kuwa balozi kwa Kaizari Karolo wa tano huko Hispania, na Machiavelli akamwandikia mashauri ya mtu aliyeijua kazi. Humo hazungumzi juu ya simba wala mbweha. Anamwambia kwamba jambo la kwanza kwa balozi ni kupata jina jema: ajulikane kuwa mtu mwema, mwenye mkono wazi, asiye na moyo mbili, asiyesema hili akiwaza lile. Anasema amewajua watu wenye akili nyingi waliopoteza imani ya mfalme kwa sababu ya undumila kuwili, na hawakuweza tena kufanya kazi kwake. Ni kweli kwamba anaongeza: pengine inampasa balozi kufunika jambo kwa maneno. Lakini msingi wa kazi ni kuaminiwa.

Hivi ndivyo tunavyokihukumu kitabu. Alipotaka kumpendeza mkubwa ambaye hajamjua, Machiavelli alisifu uwongo. Alipomshauri rafiki anayekwenda kazini kweli, alisifu unyofu. Sisi tunaamini ule ushauri wa pili, kwa sababu ulitoka katika kazi yake ya miaka 14, na hakuna kitu alichokuwa akiuomba nyuma yake.

IV. Mwalimu mwingine, naye ni padri

Inasikitisha kwamba vijana wetu wengi wanalijua jina la Machiavelli, na hawajui jina la Francisco de Vitoria. Huyo alikuwa padri wa shirika la Mtakatifu Dominiko, mwalimu wa teolojia huko Salamanca katika Hispania tangu 1526 hata kufa kwake mwaka 1546. Hakuwa karani wa mfalme. Alikuwa na darasa, wanafunzi, na dhamiri. Habari za Peru zilipomfikia, namna Wahispania walivyomkamata mfalme Atahualpa mwaka 1532 na kumwua mwaka 1533, alimwandikia padri mwenzake Miguel de Arcos kwamba habari hizo zinamtia baridi moyoni.

Mwaka 1539 alitoa fundisho lake juu ya Wahindi wa Amerika mbele ya iniversite nzima. Aliuliza: hawa watu, kabla Wahispania hawajafika, walikuwa wenye nchi yao kweli au hapana? Akajibu kwamba walikuwa wenye nchi yao kweli, wa mtu mmoja mmoja na wa wote pamoja. Dhambi haiondoi haki hiyo, wala kutokuwa mkristu hakuiondoi. Kaizari si bwana wa dunia yote. Papa naye si bwana wa dunia yote katika mambo ya utawala. Mambo hayo yalisemwa katika nchi ya Kaizari mwenyewe, na padri. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Kaizari Karolo alimwandikia mkubwa wa konventi ya San Esteban, akiagiza mapadri waache kuzungumza juu ya mambo hayo bila ruhusa yake.

Huyu naye tunapashwa kumpima kwa haki. Vitoria alifundisha vile vile kwamba mataifa yote yana haki ya kusafiri, kufanya biashara na kuhubiri Injili, na ya kuwa mtu akizuiliwa kwa nguvu katika haki hizo, vita inaweza kuwa ya haki. Mlango ule aliouacha wazi, wengine walipita nao na bunduki. Kwa mwenye nguvu, haki ya kusafiri ni rahisi sana kugeuka kuwa haki ya kukaa. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya walimu hawa wawili. Machiavelli anauliza: nitashikaje nilichokitwaa? Vitoria anauliza: je, ni changu? Elimu ya uhusiano wa mataifa isiyo na ulizo hilo la pili ni elimu ya wezi wenye diploma.

V. Sisi Wakongomani tunajua bei yake

Hatusemi maneno ya mbali. Kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wajumbe wa serikali 14 walikaa Berlin wakizungumza juu ya mto wetu na biashara yake. Hakukuwa na mjumbe hata mmoja wa wafalme wa Afrika. Kabla ya hapo, watu waliotumwa na mfalme Leopold wa pili walikuwa wamezunguka na karatasi za masikilizano, na wakuu wetu wakatia msalaba chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kusoma masikilizano ya mataifa ni anasa ya watu wa mji. Babu zetu walipoteza nchi katika karatasi.

Tena tukumbuke tarehe 30 Juni 1960. Siku ile Wakongomani waumini wa kawaida waliokuwa na diploma ya iniversite hawakufika 20, wakati mapadri wakongomani walikuwa mamia. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na iniversite ya Elisabethville mwaka 1956. Thomas Kanza, aliyetumwa New York kuisemea Kongo mbele ya Umoja wa Mataifa, alikuwa amesomea mambo ya mafundisho na malezi huko Louvain, akamaliza 1956. Justin Bomboko, ministri wa kwanza wa mambo ya inje, alikuwa amesoma politiki huko Bruxelles. Mwezi wa Septemba mwaka ule serikali iliwekwa mikononi mwa makomisari, wengi wao vijana waliotoka iniversite jana, wengine bado wanafunzi. Mwaka 1961 ikafunguliwa haraka shule ya sheria na utawala huko Léopoldville. Hatuwalaumu watu wale. Waliitwa kuendesha gari usiku, na hakuna aliyewafundisha mchana.

Baadaye wakubwa walifahamu kwamba elimu hii inaweza kuwahukumu. Mwaka 1971 iniversite tatu za nchi ziliunganishwa kuwa moja ya leta, na fakulte ya jamii, politiki na utawala ikawekwa Lubumbashi, mbali na mji mkuu. Basi, ndugu, kama elimu hii ni bure, kwa nini watawala waliiogopa?

VI. Tuwaambie nini vijana

Sasa turudi kwa yule mama na ndoto yake. Tunapashwa kumwambia kweli. Nafasi za ubalozi ni chache, na mara nyingi zinapewa watu wanaojulikana kwa wakubwa. Wengi wanaomaliza R.I. wataingia katika kazi nyingine: utawala wa teritwari, nazo ni 145 katika mikoa 26, biro za komini na za sheferi, mafundisho ya uraia katika masekondari, magazeti na redio, kazi za mpakani, mashirika ya misaada, tume za Haki na Amani za majimbo yetu. Wengine watafanya kazi ya leta miaka mingi bila mshahara, wakingoja namba ya matricule. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kulipa minerval ajue hayo kabla ya kumwuza.

Lakini tusiishie hapo, maana kazi hizo ndogo ndizo zinazogusa raia. Kongo inapakana na nchi tisa. Tangu 2022 imeingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na zamani ilikuwa imeingia katika umoja wa nchi za kusini. Kijana wa Lubumbashi au wa Bukavu anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza vizuri, anayeweza kusoma masikilizano na kuona neno moja lililowekwa kwa hila, ana faida pale Kasumbalesa au Uvira kuliko yule anayejua kutaja majina ya wataalamu. Basi mashauri yetu ni haya: ajifunze lugha, asome vitabu vizima, asitosheke na silabi, ajifunze kuandika ripoti fupi yenye kweli, na kabla ya kutafuta biro ya mkubwa, akae na watu.

Katika shauri hilo la mwisho Eklezya yenyewe imetoa mfano. Huko Roma kuna shule ya mapadri watakaokuwa wajumbe wa Papa katika mataifa, iliyoanzishwa mwaka 1701. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliagiza kwamba kila mwanafunzi wa shule ile atumikie kwanza mwaka mmoja katika misioni. Aliyekula na maskini ataandika ripoti nyingine.

Kwa wandugu waseminari tunaongeza neno. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika waraka wa Gaudium et Spes wa 1965, ulisema kwamba politiki ni ufundi mgumu na wa heshima, na wale wanaoufaa wajitayarishe. Hayo yanawahusu zaidi wakristu waumini. Sheria ya Eklezya ya 1983, kanuni ya 285, inamkataza padri kushika kazi za serikali zenye utawala wa kiraia, na kanuni ya 287 inamzuia kuwa mpiganaji wa chama. Tunajua kwamba Monsinyori Monsengwo aliongoza Baraza kuu la taifa miaka ya 1991 na 1992, na ya kuwa Abbé Malumalu wa Butembo-Beni, aliyekuwa ameisoma politiki Ufaransa, aliongoza tume ya uchaguzi wa 2006. Waliitwa katika saa za taabu, na mpaka leo wakristu hawapatani katika kuwahukumu. Padri asome politiki kusudi afahamu na kufundisha. Asiisome kwa kutafuta kiti.

Tumalize na kijana wetu. Barua kwa mbunge hatukuiandika kamwe. Baada ya miezi alipata kazi ndogo ya ukarani katika biro ya sheferi moja, ambako anaandika mashitaka ya mashamba. Mshahara wake ni kidogo, tena hauji kila mwezi. Majuma machache yaliyopita alirudi kwetu usiku. Vijiji viwili vinagombania bonde moja, na mzee mmoja shahidi alikuwa amesema neno lisilompendeza mkubwa. Kijana aliamriwa kuliondoa neno lile katika karatasi. Alituuliza: "Padri, Machiavelli angesema nini?"

Tulimjibu: "Yupi? Yule aliyeomba kazi, au yule aliyemwandikia Girolami?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba mzee yule hajui kusoma, na kwamba ndiyo sababu wanamwona kuwa si kitu. Tukamwambia kwamba hata wale waliotia msalaba chini ya karatasi za Leopold hawakujua kusoma.

Aliliacha neno la mzee mahali pake. Tunapoandika haya hatujui bado kama ataendelea na kazi yake. Baba yake katekista ametuuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, kama tulimshauri vema, maana nyumbani kuna watoto wengine sita. Tulimjibu kwamba ndiyo. Lakini tunapashwa pia kusema kwamba sisi tunakula kila siku kwenye parokya, na si sisi tutakaofukuzwa. Kwa hiyo tunawaomba wandugu mapadri: tukiwafundisha vijana kusema kweli katika biro za leta, tusiwaache peke yao siku kweli ile inapowagharimu mkate. Mungu awape nguvu, na sisi atupe haya ya kutosha ili tuwasaidie.